Mwaka Ngano Ilipokanyagwa

Lhota, Bohemia, 1866

Jumapili, 13 Mei
Leo nimeanza kuandika. Padri aliyenifundisha kusoma alizoea kusema kwamba mtu asiyeandika mambo yake humwachia jirani kazi ya kumsimulia. Jirani yangu ni Kašpar Zelinka, mwenye kilabu cha bia, kwa hiyo heri niandike mwenyewe.

Tupo watatu nyumbani: mume wangu Prokop, mama yake Ludmila, ambaye ni mavyaa wangu, na mimi Apolena. Mtoto hatuna. Mavyaa hajanisamehe jambo hilo, na kwa miaka kumi na minane ananiita "mke wa Prokop", kana kwamba jina langu lingemchubua ulimi.

Ngano inapendeza. Watu wanasema kutakuwa na vita.

Alhamisi, 24 Mei
Usiku baridi ilishuka ghafla na umande ukaganda. Maharage yote yameungua. Ngano imepona.

Jumapili, 27 Mei
Baada ya misa tuliketi kwa Kašpar. Anasomewa gazeti na mwalimu, kisha yeye hulisimulia upya kwa sauti kubwa kuliko ya mwalimu.

"Prokop, njoo nikueleweshe vita hivi, maana akili yako imelala zizini," akasema.

"Nieleweshe."

"Miaka miwili iliyopita Mprusia na Kaisari wetu walimvamia Mdenmaki wakampora majimbo mawili kule kaskazini. Bata mmoja, majambazi wawili."

"Kaisari wetu ni jambazi?" mavyaa akauliza, bila kuinua macho kwenye soksi aliyokuwa akifuma.

"Nasema kwa mfano, bibi. Sasa wamefika nyumbani, Mprusia anataka bata mzima. Kaisari anakataa. Lakini huyo bata ni wa mdomoni tu. Moyoni kila mmoja anataka yeye ndiye awe baba wa Wajerumani wote, na fahali wawili hawakai zizi moja. Halafu yule waziri wa Berlin ni mjanja. Amekwenda kumnong'oneza Mwitalia: wewe mpige kutoka kusini, mimi nampiga kutoka kaskazini, na Venisi itakuwa yako."

Prokop alifikiri kidogo. "Na sisi Wacheki, kwenye huyo bata tunapata nini?"

"Manyoya," akasema Kašpar, na kilabu kizima kikacheka. Hata hivyo aliapa kwamba Mprusia akithubutu kuvuka mpaka atakimbia hadi viatu vimtoke, na yeye Kašpar atakuwa wa kwanza kumfuata na shoka.

Ijumaa, 8 Juni
Tunakata majani. Barabara ya Hradec imejaa askari wa Kaisari mchana kutwa.

Alhamisi, 14 Juni
Tumepangiwa kulaza maofisa wawili wa Kihungaria. Ni watu wa adabu, ila hatuelewani hata neno. Leo mmoja alitaka maziwa. Alijishika kichwani akaonyesha pembe, kisha akakamua hewa kwa mikono miwili. Nilimletea. Alipoondoka mavyaa akasema, "Hao ndio wa kwetu. Akija adui tutazungumza naye kwa mkia?"

Jumapili, 24 Juni
Kanisani limesomwa tangazo la Kaisari kwa watu wake. Vita vimeanza. Padri alisoma polepole, na alipomaliza hakujua kama aseme amina.

Cheri za mapema zimeiva.

Alhamisi, 28 Juni
Wamemchukua Prokop.

Walikuja na karatasi: gari, farasi wote wawili, na mwendeshaji, kwa kazi ya jeshi. Nilimfungia mkate na kipande cha nyama ya kukausha. Alinishika bega akasema, "Nitarudi kabla ya mavuno, Apolena. Mama umwache aseme anachotaka, wewe fanya unachoona." Mavyaa alisimama mlangoni. Hakulia wala hakumpungia mkono. Gari lilipopotea bondeni alirudi ndani akaanza kumenya viazi, akamenya vingi mno kwa watu wawili.

Tangu asubuhi tunasikia ngurumo upande wa kaskazini, na mbingu ni nyeupe.

Jumamosi, 30 Juni
Nimechuma cheri peke yangu.

Jumapili, 1 Julai
Jeshi lote limeturudia. Wanasema wamepigwa Skalice, wamepigwa Jičín pia, na sasa watasimama hapa, kwenye vilima vyetu. Mahema yamejaa kwenye ngano. Sikuona walipoanza kuikanyaga. Nilitoka kuchota maji nikakuta haipo, imelala kama mkeka. Shambani nilimkuta askari ameketi juu ya masuke yangu akila cheri zangu, miguu yake imechubuka mpaka nyama. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Nikamwachia ndoo anawe.

Mavyaa amempeleka ng'ombe kwenye pango la viazi, lile lililochimbwa ubavuni mwa kilima, akaziba mdomo wake kwa kuni.

Ijumaa, 6 Julai
Naandika mambo ya Jumanne. Siku tatu hizi sikuwa na nafasi.

Jumanne alfajiri mvua ilikuwa ikinyesha na ukungu ulishuka hadi kwenye mapaa. Kašpar alikuwa tayari amefunga mizigo. Alimpakia mkewe kwenye mkokoteni pamoja na pipa la bia, akaelekea msituni. Nilipomuuliza liko wapi shoka lake la kumfuatia Mprusia, alisema amelisahau ndani na sasa mlango umefungwa.

Nilimwambia mavyaa twende nasi. Akakataa. "Mwaka wa kumi na tatu Warusi walipita hapa, nikiwa msichana mdogo. Waliokimbilia msituni walirudi wakakuta nyumba hazina milango. Mimi sitoki. Wewe nenda, huna deni hapa."

Sikwenda. Mpaka leo sijui vizuri kwa nini. Labda kwa sababu alisema sina deni.

Mizinga ilianza magharibi, ng'ambo ya mto Bystřice. Tuliingia pangoni na ng'ombe, tukavuta kuni zikaziba tena. Wakati wa mizinga ardhi haitikisiki kama watu wanavyosema. Inahema. Udongo ulikuwa ukitumwagikia shingoni kidogo kidogo. Ng'ombe alitetemeka, na mavyaa alimwegemea ubavuni akamsemesha kama mtoto: tulia mama, tulia, wanagombana wenyewe.

Karibu na adhuhuri nilichungulia. Afisa mmoja wa mizinga yetu alikuwa akicheka na wenzake, na kwa ishara alinieleza kwamba tunashinda. Baadaye tu, ukungu ulipofunguka upande wa kaskazini, ndipo tulipowasikia watu wanakimbia. Jeshi jingine la Waprusia lilikuwa limefika kutoka upande ambao hakuna aliyeutazamia. Walipanda kilima chetu kupitia ngano iliyobaki. Nyumba ya Kašpar ikashika moto, kisha ghala letu.

Ndani ya pango mavyaa akaanza kuzungumza, akitazama mbele gizani.

"Nilizaa sita," akasema. "Wanne niliwazika kabla hawajajua kutembea. Wa tano surua ilimchukua akiwa na miaka tisa. Nikabaki na Prokop, na leo sijui yuko wapi."

Nikampangusa udongo begani.

"Miaka yote hii nilidhani nakuchukia kwa kuwa hukuzaa. Ni wivu, Apolena. Wewe hujazika hata mmoja."

Hilo ndilo lililonitoa machozi, si mizinga. Alipoona nalia, alinipa pembe ya shali yake nijifute, akasema nisiilowanishe yote.

Jioni kelele zikasogea kuelekea Hradec, na tukatoka. Sitaandika yote niliyoyaona. Bustani yetu ilikuwa imejaa watu waliolala, na kwa dakika moja nilidhani wamepumzika. Nyumba ilikuwa imesimama, haina kioo hata kimoja.

Kwenye ukumbi palikuwa na askari wa Prusia ameegemea ukuta, paja limepigwa risasi. Mavyaa alinyakua uma wa majani akamwelekezea kifuani. Yule kijana alimtazama akasema, "Bibi, maji."

Tulisimama kama tuliopigwa. Maneno yalikuwa yetu, yamepinda kidogo tu, kama ya mtu wa kijiji cha tatu.

"Wewe Mprusia," mavyaa akasema, "nani alikufundisha kusema kama watu?"

"Mama yangu, bibi. Sisi ni Wapolandi wa Silesia. Mfalme ni Mprusia, mimi ni Walenty tu."

Mavyaa alikaa na uma wake mkononi muda mrefu. Kisha akaniambia, "Shika hii," akaenda kuchota maji.

Kwenye banda la nguruwe tulimkuta wa pili, mwenye koti jeupe la Kaisari, mkono umevunjwa vibaya na risasi. Huyo ni wa kwetu na hatukuelewa neno lolote lake. Alijipiga kifua akasema "Bortolo", kisha akaonyesha kusini. Walenty, ambaye aliwahi kuchimba makaa ya mawe na Waitalia, ndiye aliyesema: "Mtu wa Venisi huyo." Yaani ndugu zake wanapigana na Kaisari huko kusini, na yeye anapigana kwa ajili ya Kaisari hapa, na aliyempiga risasi ni jeshi la rafiki wa ndugu zake. Mavyaa alimsikiliza Walenty akieleza mpaka mwisho.

"Mwambie ale," akasema.

Jumapili, 8 Julai
Kašpar amerudi kutoka msituni. Alisimama mbele ya majivu ya kilabu chake kofia mkononi. Nilikuwa nimetunza maneno makali ya kumwambia, lakini nilimpa supu.

Jumatano, 11 Julai
Prokop yu hai. Amekuja kwa miguu, hana gari, hana farasi, ndevu zimemwota kama za mzee. Mavyaa alimgusa uso kote kama kipofu, kisha akamgombeza kwa kutovua viatu.

Baada ya kula alitueleza. Alikuwa akisomba majeruhi kwenda Hradec. Jeshi lilipovunjika, wote walikimbilia ngome ya Hradec, nayo ngome ikafunga milango. Maji yalikuwa yamefunguliwa kuzunguka kuta ili kumzuia adui, na waliozama ndani yake ni watu wa jeshi lenyewe. Gari lake lilisukumwa kutoka njiani na mizinga iliyokuwa ikikimbia. Aliwakata farasi kamba ili wasizame, akambeba mgongoni mmoja wa majeruhi. Alipofika mahali pakavu akamshusha, akaona amekufa zamani.

"Alikuwa akiniambia kitu njiani," akasema Prokop. "Alikuwa akirudia neno moja. Sijui lugha gani. Nami nilikuwa nikimjibu, ndiyo, ndiyo."

Jumapili, 15 Julai
Leo doria ya Waprusia imekuja kusaka askari wa Austria waliofichwa. Wengine waliopatikana kijijini wamepelekwa mateka. Mkono wa Bortolo umeanza kupona, lakini homa bado, na mavyaa alisema akitolewa nje atakufia barabarani.

Sajini alikuwa amefika mlango wa chumba cha ndani. Walenty, kitandani kwake ukumbini, alimwita kwa Kijerumani bila haraka. Sajini akasimama. Akatazama mlango, akatazama mikono yake mwenyewe, akaipangusa kwenye suruali, na wote wakatoka mbio.

"Umemwambia nini?" nikauliza.

"Kwamba humo ndani mna mtu wa kipindupindu."

Tulicheka mpaka Bortolo, aliyekuwa chini ya godoro, akatoa kichwa kuuliza kulikoni. Mavyaa peke yake hakucheka. "Ugonjwa huo hauitwi kwa jina," akasema, akajifanyia ishara ya msalaba.

Jumatatu, 23 Julai
Wamesimamisha vita. Tumevuna ngano iliyobaki, kwa mundu, tukipiga magoti, kwa kuwa imelala chini. Katikati ya masuke unakuta vifungo, kofia, na vitu vingine. Prokop hunitangulia ili avione kabla yangu.

Walenty anajikongoja na gongo. Alitufuata shambani kufunga miganda akiwa ameketi. Kašpar alimuuliza walituwezaje.

"Bunduki," akasema. "Sisi tunapakia risasi tumelala chini. Wao lazima wasimame wima washindilie. Wewe umelala kwenye ngano, mwenzio amesimama kama mti." Akafunga mganda mwingine. "Hata kulenga sikuhitaji kulenga sana."

Kašpar akarudi kwenye mundu wake.

Jumapili, 29 Julai
Kipindupindu kimefika kweli. Kimekuja na jeshi, au kimetoka kwenye visima, au kwenye hewa ya makaburi yasiyo na kina. Kila mtu ana lake. Kwa mfumaji nguo wamekufa watatu. Padri amekatazwa kuzika kanisani. Wanazikwa kando ya msitu, chokaa juu yao.

Alhamisi, 2 Agosti
Walenty ameshikwa. Mavyaa ametutoa sote nje, akajifungia naye. Nilipogonga alisema kupitia mlangoni, "Wewe mpikie Prokop. Mimi nimeshaishi."

Jumapili, 5 Agosti
Joto kali. Walenty amekunywa mchuzi.

Alhamisi, 9 Agosti
Jana asubuhi mavyaa alilalamika miguu inambana. Alikuwa amesimama mezani akikata kabichi. Alikiweka kisu chini kwa uangalifu, akafuta meza, akaniambia, "Apolena, nitandikie pale dirishani."

Nilikaa naye. Nilimpa maji yenye chumvi na kisibiti, hayakukaa. Ngozi ilimrudi ndani, macho yakawa makubwa, lakini akili yake ilikuwa safi. Alimtaka Prokop, akamwelekeza mahali palipo na mbegu za maharage alizozificha Wahungaria wasizile. Alimuuliza Walenty kama mama yake anajua yu hai. Walenty akasema hapana, hana jinsi ya kumpelekea habari. "Basi ondoka hapa ukiwa mzima," akamwambia, "usinitie aibu kwa mwanamke mwenzangu."

Mimi hakuniambia neno. Alinishika mkono, na kila nilipotaka kuinuka kubadilisha kitambaa alizidi kuukaza. Jua lilipokuwa linazama mkono ulilegea.

Hakuna aliyekuwa tayari kuchimba kaburi; watu wanaogopa. Aliyekuja ni Kašpar, na sepetu, hakuitwa. Nilimwona kando ya msitu amezama hadi mabegani, anatupa udongo. Baadaye nilisikia kwamba siku zote hizi amekuwa akiwachimbia wote, na kwamba alianza na makaburi ya nyumba ya mfumaji.

"Mimi nilikimbia siku ile," akaniambia. "Kwa hili naona siwezi kukimbia."

Ijumaa, 10 Agosti
Mvua.

Jumatatu, 27 Agosti
Mwalimu ameleta gazeti. Amani imetiwa saini Prague, na hakuna Mcheki aliyeulizwa. Austria inatolewa kwenye mambo ya Wajerumani; Mprusia anawachukua majirani aliowataka, pamoja na yule bata wa kaskazini. Venisi inapewa Mwitalia. Kašpar alitueleza haya yote tukiwa tumeketi kwenye mawe ya kilabu chake, na hakupaza sauti.

Prokop alimweleza Bortolo, ambaye sasa anajua Kicheki cha jikoni: "Umeshakuwa wa Italia."

Bortolo alifikiri. "Mimi sijatoka hapa," akasema. "Nililala wa Kaisari."

"Ndiyo. Umeamka wa mwingine."

"Walishinda, wa Italia?"

"Wamepigwa. Wamepigwa na jeshi lenu, nchi kavu na baharini."

"Na wanachukua Venisi?"

"Wanachukua Venisi."

Bortolo alianza kucheka, akacheka mpaka akashika ule mkono mbovu. Kisha akauliza kama kuna viazi vimebaki.

Jumapili, 9 Septemba
Wote wawili wameondoka leo. Waprusia wanarudi kwao, na Walenty ameitwa kikosini kwake. Bortolo anaandamana naye hadi Hradec, kisha ataelekea kusini. Sasa hakuna wa kumkamata. Walipita kwanza kando ya msitu. Walenty alikaa kaburini muda mrefu. Bortolo alimsubiri njiani akimshikia gongo.

Nimewapa mkate na tufaha. Nyumba imekuwa kubwa mno. Leo nimemenya viazi vya watu watano.

Jumanne, 25 Septemba
Tumeanza kulima. Farasi hatuna, Kašpar naye hana. Yeye ana ng'ombe mmoja, sisi mmoja, tumewafunga nira pamoja. Leo kwetu, kesho kwake. Mbegu ni chache, na Prokop amehesabu kwamba tusipopanda kila kipande, masika tutaomba.

Kwenye kona ya juu ya shamba, mpakani na Kašpar, kuna kilima kirefu cha udongo. Baada ya vita walizikwa hapo wengi kwa mara moja, makoti meupe ya Kaisari na ya buluu ya Waprusia. Hakuna anayejua wangapi wala akina nani. Kipande kingine cha kilima hicho kimelala upande wa Kašpar.

Prokop alikuwa ameshika plau, mimi naongoza ng'ombe. Tulipokaribia, akasema, "Endelea tu. Jembe haliendi chini sana. Hawatasikia."

"Ndipo penye udongo bora," Kašpar akaongeza kutoka mpakani. "Na njaa haina adabu, Apolena."

Wote wawili walisema kweli. Nilifika ukingoni, nikamshika ng'ombe wetu pembe, nikamgeuza. Plau ikakwaruza ikageuka. Nilitazamia Prokop apige kelele. Alisimama kidogo, akakaza mikono, akalima akizunguka kilima, mfereji umepinda vibaya kama wa mlevi.

Kašpar alitikisa kichwa. "Magunia mawili hayo mmeyatupa."

Jumatano, 26 Septemba
Leo ilikuwa zamu ya Kašpar. Niliketi mpakani na mshono mapajani, wala sikujifanya kwamba nashona. Alilima vizuri, mistari iliyonyooka, akipiga mbinja. Alipofika kwenye kipande chake cha kilima, mbinja ikakoma. Akasimama na ng'ombe wakasimama. Alinitupia jicho, akavuta hatamu kushoto, akazunguka.

"Ng'ombe wangu huyu," akaniita kutoka kule, "mkaidi kweli. Amekataa kupita."

Nilimwambia ng'ombe wake ana akili.